Wi-Fi ya chuo: kwa nini nenosiri la rafiki halitoshi

Mwanafunzi wa Uvira anayeandika kazi ya kumaliza masomo hujua kuunganisha kompyuta mpakato na simu, kisha kuhesabu mega zinavyopungua. Lakini akifika katika chuo kikuu cha Kampala au Nairobi, huenda akakuta jina jingine kwenye orodha ya mitandao: eduroam. Akilibonyeza, anaulizwa jina na nenosiri.

Hapo ndipo wengi hukwama. Eduroam, wazo lililoanzia Uholanzi mwaka 2002, haina nenosiri moja la kubandikwa ukutani. Kila mtu hutumia alilopewa na chuo chake. Jina huandikwa kama anwani ya barua pepe, na sehemu inayofuata alama ya @ hutaja chuo anachotoka. Ombi hurudishwa huko. Chuo kikimtambua, anaunganishwa.

Uganda huduma hiyo husimamiwa na RENU, na Kenya na KENET. Ni vizuri kompyuta iandaliwe kabla ya safari, wakati fundi wa chuo yupo karibu. Kikitokea cheti cha usalama chenye jina lisilojulikana, kisikubaliwe: huenda ni mtandao wa wezi wa manenosiri.

Kwa Uvira, penye Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, jambo hili si dogo. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, na wanaolichunguza huvuka mipaka. Ila chuo kisipojiunga, mwanafunzi wake atafika ugenini na kununua mega tena.