Je, Wajua? Swali la Ibrahimu
Katika Mwanzo 15:6 Ibrahimu anamwamini Mungu kuhusu uzao, lakini katika aya ya 8 anauliza atajuaje kwamba atairithi nchi. Walimu wa Kiyahudi hulielewa swali hilo kwa njia tofauti. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, mwalimu Shmuel analihesabu kuwa kosa lililowaponza wazao wake wakawa watumwa Misri miaka 210. Mfafanuzi Rashi wa Ufaransa (1040–1105) anataja pia utetezi: Ibrahimu hakuomba ishara, bali aliuliza ni kwa stahili gani wazao wake wangedumu katika nchi, na jibu likawa: kwa stahili ya dhabihu. Sura hiyo husomwa kila mwaka katika masinagogi, yakiwemo la Nairobi na ya Abayudaya wa Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na kiongozi Semei Kakungulu mwaka 1919.