Je, wajua? Vois haibebi sauti

Wapo wanaoidharau vois, ule ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Wanasema ni ya wavivu wa kuandika, au ya mtu ambaye bando lake halitoshi simu ya video. Mimi naitetea. Kwa familia za mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Kayenze hadi Ukara, sijaona chombo kinachofaa zaidi kumsomea mtoto kitabu ukiwa mbali naye, na sababu ya kwanza ni mwezi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haiwavuti vizuri mwezi ukiwa unang'aa. Ndiyo maana wavuvi huingia ziwani wakati wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Saa mbili usiku, mtoto wa Igoma au Nansio anapopanda kitandani, baba yake ndiyo kwanza anawasha taa majini. Hata mnara ungekuwa jirani na mtumbwi, huyo si mtu wa kupigiwa simu asome hadithi. Anachoweza ni kurekodi alasiri kambini na kuiacha vois itafute njia yenyewe. Mtandao ukisumbua, inangoja ndani ya simu yake. Simu ya mama ikiwa imeisha chaji, inakaa kwenye tiki moja, na WhatsApp huutunza ujumbe usiofika hadi siku 30. Ikifika, imefika nzima. Hakuna kukatikakatika, hakuna "haloo, unanisikia?" katikati ya sungura na fisi.

Sasa, imewezaje kupenya kwenye mtandao ambao hata picha inagoma? Ingia kwenye mafaili ya simu ya Android, fungua folda ya vois, utakuta majina yanayoanza na PTT, kisha tarehe, na mwishoni .opus. Hiyo Opus ni kodeki, yaani kanuni za kufinya sauti, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti Septemba 2012. Imeunganisha kazi mbili: SILK iliyotoka Skype, kwa ajili ya maongezi, na CELT ya Xiph.Org, inayouweza zaidi muziki.

SILK ndiyo yenye maajabu. Hainakili sauti ya baba, inamchunguza baba. Maneno yake hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani 50 kwa kila sekunde. Kwa kila kipande, programu inakadiria: koo na mdomo vimekaa umbo gani? Jibu ni namba zisizozidi 16. Je, nyuzi za sauti zinatetema? Akitamka "a" ya "baba", wimbi la sauti hujirudia, basi programu inatazama nyuma kidogo, inaona lilipopita, na kuagiza: rudia lile, ongeza tofauti hii ndogo. Akifika kwenye "s" ya "samaki" hakuna mtetemo, ni pumzi tu inayopita kwenye meno, na hilo nalo linaandikwa hivyo. Ni kama ushonaji: gauni halisafirishwi, vinasafirishwa vipimo, na fundi wa upande wa pili ndiye anayelishona. Fundi mwenyewe ni simu ya mama: kinachomfikia mtoto kimetengenezwa upya palepale chumbani. Na bado mtoto anamtambua baba yake kwa neno la kwanza.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kilobiti 16 kwa sekunde, dakika moja ni kilobaiti 120. Hadithi ya dakika tano ni kilobaiti 600, pungufu ya picha moja ya kamera ya simu nyingi za leo.

Mbinu ya kukadiria koo si ya juzi. Fumitada Itakura na Shuzo Saito waliianza Japani mwaka 1966, Bishnu Atal akaiendeleza Marekani, na mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ikaitia ndani ya Speak & Spell, kifaa cha kuchezea cha kufundisha watoto tahajia. Kwa hiyo ilianza mapema kuwafundisha watoto maneno, kabla watu wazima hawajaigeuza ya umbea.

Ina udhaifu wake. Upepo wa ziwa hauna koo, jenereta halina mdomo. Faili ikifinywa sana, kelele hizo huharibu hata maneno. Ingia ndani, geuzia upepo mgongo, bonyeza maiki na telezesha kidole hadi kwenye kufuli, mikono yote miwili ishike kitabu. Kila ukurasa uwe na vois yake, na mwishoni gonga kikombe ili mtoto ajue wakati wa kufungua mwingine.

Mtoto ataitaka hadithi ileile kila usiku. Mwacheni. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake, uliotoka Uingereza mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto wa miaka mitatu hushika maneno mapya vizuri zaidi wakirudiwa hadithi zilezile kuliko wakipewa mpya kila mara. Ila wadogo zaidi wanahitaji mtu wa kuwajibu: utafiti wa Sarah Roseberry na wenzake wa mwaka 2014 ulikuta watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu wakijifunza maneno kwa mtu anayewajibu, hata kupitia video, lakini si kwa rekodi tupu. Hivyo mtu wa nyumbani, tuseme shangazi, akae pembeni, ashike kitabu, aulize, "Fisi yuko wapi?" Vois bila shangazi ni redio.

Kitabu chenyewe ndicho tatizo. Maktaba ya Mkoa iko mjini Mwanza. Mtoto wa Ukara ana maji ya kuvuka mara mbili kuifikia. African Storybook inatoa vitabu vya picha vya Kiswahili bure mtandaoni, na vinaruhusiwa kuchapishwa. Nakala mbili za duka la fotokopi zinatosha, moja kambini, moja nyumbani. Kikerewe, lugha ya Ukerewe, ndicho kilichosahaulika. Mwandishi Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa mwaka 1980, tena kwa Kiswahili. Bibi anayesimulia kwa Kikerewe kwenye vois leo hachapishwi na mtu, na simu ikijaa ndiye wa kwanza kufutwa. Hamishieni kwenye memori kadi, jamani. Na msimsikilize kwa kasi ya mara mbili.

Matumizi mengine ya vois: bei ya dagaa Mwaloni Kirumba, salamu za msiba, maelekezo ya bodaboda, mahubiri, kuulizia ratiba ya meli ya Nansio, na magomvi ya kikundi cha mchango wa harusi, ambayo kwa kweli ndiyo yanayojaza simu.