FEDHA ZA PAMBA HUJA MEI, SHULE HUFUNGULIWA JANUARI

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Bukundi wakati wa kuuza pamba, hujaona namna mahali panavyoweza kubadilika kwa majuma mawili. Bukundi ni kata ya wilaya ya Meatu, katika mkoa wa Simiyu, ule uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na ambao leo unaongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Nchi yenyewe ni kavu, mvua zake si za kutegemewa, na kwa miezi mingi ya mwaka fedha taslimu ni habari ya kusikia kwa jirani. Kisha hufika Mei, na msimu hufunguliwa. Mafurushi ya pamba huletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, kwa baiskeli na juu ya vichwa vya akina mama. Mizani ya chama cha msingi haipumziki. Wachoma nyama huongeza majiko. Mtu ambaye mwezi Machi alikuwa akikopa chumvi, sasa anawaagizia wenzake soda.

Dada yangu mkubwa ameolewa huko. Januari ya mwaka juzi mumewe alinipigia simu akiwa na habari njema na habari mbaya kwa pamoja. Binti yao wa kwanza alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada haikuwa tatizo, kwani katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini hakukuwa na sare, wala viatu, wala madaftari, wala godoro la kulalia hosteli. Fedha za pamba zilikwisha Oktoba. Nami siku ile ilikuwa tarehe 19, na mshahara wangu ulikuwa umebaki jina tu. Binti aliripoti shuleni majuma matano baada ya wenzake, na hesabu alizozikosa katika majuma yale zilimsumbua hadi mwisho wa mwaka.

Nilipokwenda kuwasalimu nilimlaumu shemeji. Nilimwuliza ilikuwaje mtu mzima akasahau kuwa baada ya Desemba huja Januari. Hakukasirika. Alinieleza kwamba hakusahau hata siku moja. Kwamba jioni ile ile alipolipwa, yeye na dada walizungumza habari ya godoro, wakakubaliana. Kisha akaniuliza, kwa upole ule wa Kisukuma unaoumiza kuliko matusi, kama mimi ninayelipwa kila mwezi nimepata kufika tarehe 25 nikiwa na nauli ya daladala.

Sikuwa na jibu.

NIA ILIKUWAPO

Jambo hili la shemeji limewashughulisha sana wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia ya mtu, pamoja na wachumi waliojifunza kwao. Aghalabu kazi zao huandikwa kwa lugha ngumu na kusomwa na wenzao wa vyuo vikuu. Lakini baadhi ya majaribio yao makubwa hayakufanywa Ulaya wala Marekani. Yalifanywa hapa jirani, Busia, magharibi ya Kenya, kati ya watu wanaolima mahindi na kuishi kama tuishivyo sisi.

Esther Duflo na Michael Kremer, ambao mwaka 2019 walishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, walifanya kazi huko pamoja na Jonathan Robinson juu ya suala la mbolea. Wakulima waliohudhuria mashamba ya maonyesho walijionea wenyewe kuwa mbolea inaongeza mavuno. Walipoulizwa kama wataitumia msimu unaofuata, karibu wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotimiza hawakufika 40 katika kila 100. Hawakuwa waongo. Fedha walikuwa nazo siku ya mavuno; mbolea ilihitajika miezi kadhaa baadaye; na katikati ya siku hizo mbili kulikuwa na misiba, harusi, wagonjwa, wadeni na ndugu.

Basi watafiti wakajaribu mpango mdogo walioupa jina la SAFI. Mara tu baada ya mavuno, mtu alipita nyumba kwa nyumba akiuza hati ya mbolea. Aliyelipa wakati ule alipelekewa mbolea yake bure nyumbani, na nafasi hiyo ilikuwa ya muda mfupi tu. Hapakuwa na hotuba wala punguzo la bei ya mbolea yenyewe. Katika ripoti yao ya mwaka 2011 walionyesha kuwa zawadi hiyo ndogo, ikitolewa siku ya fedha, iliongeza watumiaji wa mbolea kwa kiasi kinacholingana na kile kilicholetwa na kupunguza bei kwa nusu wakati wa kupanda.

Hapana budi nikiri kwamba matokeo hayo yanatugusa sisi waandishi, na maofisa wanaotupa za kuandika. Mtu asipotenda jambo jema, sisi hudhani kwamba hajui, tukamwandalia semina. Au hudhani kwamba ni mzembe, tukamkaripia katika gazeti. Shemeji yangu alikuwa anajua, tena hakuwa mzembe, maana mzembe halimi ekari tano za pamba kwa jembe la ng'ombe. Alihitaji mtu wa kumwuzia godoro mwezi Juni.

Mahali nako kuna nguvu kama siku. Huko huko magharibi ya Kenya ilionekana kuwa akina mama wanaoijua vizuri dawa ya kutibu maji hawaitii wakiwa nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna mambo mia. Chombo cha dawa kilipowekwa penye chemchemi yenyewe, pembeni ya ndoo, watumiaji waliongezeka sana. Mama mkwe wangu hunywa vidonge vyake vya shinikizo la damu bila kukosa tangu vilipohamishwa kutoka kabatini na kuwekwa kando ya birika la chai. Wala hakuna profesa aliyemshauri.

SANDUKU NA UFUNGUO WAKE

Jaribio jingine nalipenda zaidi, kwa kuwa linahusu chombo tunachokijua sote: kibubu. Pascaline Dupas na huyo huyo Robinson walifanya kazi na watu waliokuwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, vile sisi tunavyoviita upatu au mchezo. Baadhi yao walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia fedha, kufuli, na ufunguo wake. Mtu aliombwa kutaja kitu cha afya anachowekea akiba, kama vile chandarua. Hakuna aliyemzuia kulifungua wakati wowote. Kwa mujibu wa ripoti yao ya mwaka 2013, sanduku hilo tupu, lisilo na riba wala mlinzi, liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66.

Wengine walipewa sanduku kama hilo lakini ufunguo ukabaki kwa watafiti, usitolewe mpaka lengo lifikiwe. Mtu angetegemea kwamba hili lingefanya kazi bora zaidi. La, kwa vitu kama chandarua halikusaidia. Watu waliogopa kuzika fedha mahali ambapo mtoto akishikwa na homa usiku haziwezi kutoka. Nakumbuka vile vibubu vya mbao vilivyopigiliwa misumari pande zote, ambavyo baba zetu walituwekea tukiwa wadogo, na ambavyo vilichokonolewa kwa waya wa baiskeli kabla ya kujaa robo. Labda hatukuwa watoto wabaya kama tulivyoambiwa.

Kwa nini basi sanduku la kufunguka lilifaa? Sehemu kubwa ya jibu ni ndugu. Fedha iliyomo mfukoni ni ya kila anayebisha hodi, na katika jamii yetu kumnyima ndugu ukiwa nacho ni aibu. Ukisema huna, umesema uongo, naye anajua. Ukisema ninayo lakini ni ya godoro la mtoto, umesema kweli, na ndugu mwenye haya ataona tabu kuing'ang'ania. Watafiti waliona kuwa fedha iliyopewa jina na kutengwa iliwafaa hasa wale wanaoombwaombwa mara kwa mara. Msomaji mwenye mshahara mjini na wajomba kijijini hahitaji kuelezwa zaidi. Vikundi navyo vilikuwa na nguvu kubwa sana: pale wanachama walipoanzisha chungu cha pili, cha afya peke yake, mchango ulitolewa, maana hakuna anayetaka kuonwa na wenzake kuwa ndiye aliyekosa.

MICHEMBE

Nilipomweleza dada yangu habari hizi zote, alicheka. Alinionyesha uani, ambako viazi vitamu vilikuwa vimekatwa vipande na kuanikwa juani viwe michembe. Viazi vibichi, alisema, huliwa vyote au huoza. Michembe hungoja njaa. Hapo niliona kwamba Wasukuma wamekuwa na elimu hii kwa muda mrefu kabla ya Busia. Ndiyo maana fedha za pamba tangu zamani ziligeuzwa ng'ombe. Bwana mifugo hulalamika kuwa watu wana mifugo mingi kuliko malisho, na yuko sahihi. Lakini ng'ombe ana sifa ambayo noti haina: huwezi kumkata ukwato ukanunulia soda. Kumwuza kunataka mnada, mashauri na mke, na katika mashauri hayo tamaa nyingi hupoa.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka vibaya. Sanduku haliongezi bei ya pamba. Mwaka mvua zinapokataa, au bei inapoanguka, hakuna kitu cha kutumbukiza tunduni, na kumhubiria mkulima wa Meatu juu ya kujipangia akiba mwaka kama huo ni kumdhihaki. Elimu hii ina kazi yake pale tu ambapo fedha imepatikana lakini ikapotea njiani.

Kuna jambo moja dogo ambalo tulilichukua kutoka kwa Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani ambaye mwaka 1999 alieleza kuwa nia inayotajiwa saa na mahali hutimizwa zaidi kuliko nia tupu. Kusema "tutanunua godoro" hakutoshi. Shemeji na dada walikaa Aprili, kabla ya mizani kufunguliwa, wakasema hivi: siku tutakapolipwa, kabla ya kufika nyumbani, tutapita wote wawili dukani. Mtoto wa pili anategemea kumaliza darasa la saba mwaka huu.

Walipita. Walinunua godoro, tranka la bati, madaftari na viatu vilivyozidi mguu kidogo, kwa kuwa mtoto wa umri ule hukua. Sare haikuwezekana, maana rangi ya sketi hutegemea shule, na shule hujulikana Desemba. Kwa ajili hiyo ametengwa mbuzi mmoja mweupe, na watoto wote wa boma wanamjua kwa jina la Sketi. Sanduku lenye kufuli liko kwa dada, ufunguo uko kwa shemeji. Tangu Juni limefunguliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa malaria ya mtoto mdogo, mara ya pili hawakutaka kunieleza.

Mimi mwenyewe nimeanza kununua tiketi za mwezi mzima za chakula cha mchana kazini siku ya mshahara, na mwezi uliopita nilifika tarehe 23.

Nilipolala kwao safari hii, nilitandikiwa mkeka. Godoro jipya lilikuwa limesimamishwa ukutani, mbele ya macho yangu, bado ndani ya nailoni yake. Dada aliniomba radhi, lakini hakulifungua.