Kongamano Liko Nairobi: Hesabu Safari Yako Kuanzia Mwisho



Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mzee wetu mmoja wa Lamu kwenda Nairobi. Alikuwa amealikwa na chuo kikuu kimoja kuzungumza katika kongamano la ushairi wa Kiswahili. Mzee huyu hana shahada, lakini tenzi amezihifadhi tangu utotoni, na akikueleza maana ya neno la Kiamu huhitaji tena kamusi. Tulifika chuoni saa mbili na nusu asubuhi, kanzu zimenyooka, nyoyo zimetulia. Askari wa langoni akatutazama, akauliza, "Kongamano gani?"

Kumbe lilikuwa kampasi nyingine ya chuo hichohicho, upande wa pili wa mji. Barua ya mwaliko ilikuwa imetaja kampasi, ila mimi niliyepewa kazi ya kuisoma niliishia kwenye jina la chuo. Mzee akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, tumekuya kunena au tumekuya kuzunguka?"

Tulifika saa tano. Kikao chake kilikuwa kimeshapita. Akapewa dakika tano kabla ya chakula cha mchana, watu wakiwa washaanza kukusanya mikoba yao. Asubuhi ile mambo ya kwetu yalielezwa na wengine, na aliyekuwa akiyajua zaidi alikuwa amekwama kwenye foleni ya magari. Hakunilaumu, lakini mimi sijajisamehe mpaka leo. Ndiyo sababu naandika haya, ili yasimpate mwengine.

Jambo la kwanza ni kuuliza kampasi. Chuo Kikuu cha Nairobi hakiko mahali pamoja. Kampasi kuu iko University Way, ukingoni mwa katikati ya mji. Chiromo iko njia ya kwenda Westlands. Kuna Parklands, kuna Upper Kabete na Lower Kabete, kuna Kenya Science kwenye Ngong Road, na kuna Kikuyu ambayo iko nje ya mji kabisa. Halafu usichanganye majina. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko kwenye barabara kuu ya Thika, karibu kilomita 20 kutoka mjini. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Mtu akikwambia "njoo Kenyatta", mwambie aseme ni Kenyatta ipi. Uliza pia jina la jengo na la ukumbi, na upate nambari ya simu ya mtu atakayekuwa pale asubuhi hiyo. Kuuliza si ujinga.

Jambo la pili ni kuhesabu safari kuanzia mwisho kurudi nyuma. Sisi wengi tunauliza, "Nitatoka lini?" Swali lenyewe ni, "Nitasimama kuzungumza saa ngapi?" Tuseme ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Basi saa mbili uwe langoni, maana kuna ukaguzi, kujisajili, na kukabidhi picha zako kwa anayeshughulikia mitambo. Ili uwe langoni saa mbili, utoke ulikolala kabla ya saa moja, kwa sababu foleni ya Nairobi hukaza kati ya saa moja na saa tatu, na mvua ikinyesha huzidi. Kwa hiyo Jumatano usiku ulale Nairobi.

Treni ya SGR ya asubuhi hutoka Miritini saa mbili na kufika Nairobi yapata saa nane mchana, kwa kuwa husimama njiani Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwengineko. Ili uipande Jumatano, uwe kituoni saa moja au kabla, kwani mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa wa polisi, kisha ikapitishwa kwenye mashine. Anayetoka Malindi ana kilomita zipatazo 120 mpaka Mombasa, kwa hivyo ni salama zaidi alale Mombasa Jumanne. Anayetoka Lamu avuke Mokowe Jumanne asubuhi, ashike basi. Umeona hesabu? Mtu wa Lamu mwenye mada Alhamisi asubuhi, safari yake inaanza Jumanne. Akianza Jumatano ameshachelewa kabla hajafunga begi.

Kuna treni ya mchana ya saa tisa, nayo hufika usiku. Kuna ya saa nne usiku, hufika kabla ya alfajiri. Hii ya usiku wengi huipenda kwa kuokoa pesa za chumba, lakini jiulize kama utaweza kusimama mbele za watu baada ya kukesha ukiwa umekaa. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza ikawa 4,500. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639# na kulipwa kwa M-Pesa. Jina na nambari viwe kama vilivyo kwenye kitambulisho, na kitambulisho chenyewe usikisahau. Siku za Idi, Disemba na shule zinapofungwa, nafasi huisha mapema.

Basi pia ni njia nzuri, hasa kwa anayetaka kushukia katikati ya mji. Ni takriban kilomita 480, na mara nyingi mwendo wa saa nane mpaka kumi. Mengi hushukisha mitaa ya River Road au Eastleigh. Jihadhari na kushuka huko usiku wa manane peke yako na begi mgongoni. Ndege kutoka Mombasa ni kama saa moja hewani, lakini ongeza muda wa kusubiri uwanjani na wa kutoka uwanjani hadi mjini.

Sasa umefika. Wengi wanashangaa wakishuka kwenye treni, kwamba kituo cha SGR kiko Syokimau, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Usikimbilie teksi ya kwanza inayokuita. Kuna treni ndogo inayounganisha hapo na stesheni ya zamani ya mjini, na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na teksi. Mkiwa watatu wanne mna mizigo, hapo teksi ya kuitwa kwa simu ina maana. Dereva atakuuliza kama apite barabara ya juu, ile Expressway iliyofunguliwa 2022. Ina ada, nayo huongezwa kwenye nauli yako, lakini ina njia ya kushukia Museum Hill, ambapo si mbali na kampasi kuu.

Kama kongamano liko kampasi kuu, nakupa siri yangu: tafuta chumba karibu na Msikiti wa Jamia. Kutoka Jamia unashika Muindi Mbingu Street, unapita City Market, unapita bustani ya Jeevanjee, unatokea University Way, na chuo kiko ng'ambo ya barabara. Ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, na foleni haikuhusu. Swala ya alfajiri unaipata jamaa, chakula cha halali kiko mitaa hiyohiyo, na kongamano likiangukia Ijumaa, Jumaa unaiwahi na kurudi kwenye kikao cha mchana. Ukiwa safarini kwa siku mbili tatu unayo ruhusa ya kukusanya adhuhuri na alasiri. Hata hivyo, waandalizi waambie mapema kwamba utahitaji mahali pa kuswali. Sijaona aliyekataa akiambiwa mapema.

Kama ni Chuo cha Kenyatta, usilale katikati ya mji ukidhani utaamka na kuruka ndani ya matatu. Lala upande huohuo wa Thika Road ukiweza. Lango liko kando ya barabara, lakini kampasi ni kubwa, na kutoka langoni hadi ukumbini dakika zinaliwa. Kwa Ngong Road na Kenya Science, matatu za nambari 111 hupita huko. Kwa Kikuyu ni nambari 105. Kabla ya kupanda, mwulize kondakta nauli, nayo hupanda jioni na wakati wa mvua. Simu itie mfukoni ukiwa karibu na dirisha au ukitembea mjini.

Beba sweta. Nairobi iko juu mita 1,700 na zaidi, na baridi ya Julai haijali kama wewe ni mgeni. Beba mada yako kwenye karatasi hata kama iko kwenye kompyuta. Weka stakabadhi zote, kwa sababu wakiahidi kukurudishia nauli, watakachotaka ni karatasi.

Yule mzee aliitwa tena mwaka uliofuata. Safari hii barua niliisoma mara tatu, tukafika siku moja kabla, tukalala karibu. Asubuhi alikuwa ukumbini kabla ya waandalizi, amekaa safu ya mbele na bakora yake. Alipozungumza, maprofesa ndio walioandika.