HOFU ILIYOKITHIRI NI UGONJWA, NA INATIBIKA

Kila binadamu ana kitu anachokiogopa. Mkulima anayeruka nyuma akiona nyoka shambani, au mzazi anayemkataza mwanawe kuchezea mbwa asiyemfahamu, hana tatizo lolote. Hofu ya namna hiyo ni zawadi ya Mwenyezi Mungu ili tujilinde. Lakini ipo hofu nyingine ambayo badala ya kumlinda mtu humfunga. Wataalamu huiita fobia. Katika makala hii tunaeleza fobia ni nini, inatibiwaje, na kamati za parokia zinaweza kusaidia kwa njia gani. Tumechagua hofu ya sindano kuwa mfano wetu mkuu kwa sababu inagusa moja kwa moja kazi za zahanati.

Fobia ni nini?

Fobia ni hofu ya kitu au hali fulani ambayo ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Hudumu kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na humfanya mtu akwepe kitu hicho hata pale kukwepa kunapomletea hasara. Wengine huogopa wanyama, wengine radi, maji, kupanda mahali pa juu au kufungiwa chumba kidogo. Mtu huyo moyo humwenda mbio, hutokwa jasho, hutetemeka na kukosa pumzi. Mara nyingi yeye mwenyewe anajua kwamba hofu yake imezidi, ila hawezi kuizuia.

Tatizo hili si la watu wachache. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 22, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa watu wapatao 7 katika kila 100 hupatwa na fobia ya aina hii wakati fulani maishani. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza utotoni.

Hasara yake

Mama mjamzito mwenye hofu ya sindano anaweza kuacha kliniki kabisa. Hapo anakosa chanjo ya pepopunda, kipimo cha wingi wa damu na kipimo cha virusi vya UKIMWI, ambacho kingewezesha mtoto wake kukingwa. Mgonjwa wa kisukari anaweza kukataa insulini. Majirani husema ni mkaidi, kumbe ni mgonjwa asiyetambuliwa.

Hofu ya sindano na damu ina jambo moja la pekee. Katika fobia nyingine shinikizo la damu hupanda na mtu ni nadra kuzimia. Katika hii, shinikizo hupanda kwanza, kisha hushuka ghafla, damu inayofika kwenye ubongo hupungua na mtu huanguka. Hali hii mara nyingi huonekana kwa ndugu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo anayezimia akichomwa sindano haigizi, wala si lazima awe amepagawa.

Inatibiwaje?

Tiba iliyothibitika zaidi ni kumsogeza mtu karibu na kile anachokiogopa, hatua kwa hatua, kwa ridhaa yake. Mwaka 1924 huko Marekani, Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto aliyeitwa Peter, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 3 na alimwogopa sungura. Mnyama aliletwa karibu kidogo kidogo mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, hadi akaweza kumshika. Baadaye Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Johannesburg, aliiendeleza njia ya hatua kwa hatua katika kitabu chake cha mwaka 1958.

Kwa anayeogopa sindano, hatua zinaweza kuwa hizi: kutazama picha ya sindano; kushika bomba lisilo na sindano; kuketi chumba cha matibabu bila kuchomwa; kumwangalia mwingine akichomwa; kutobolewa kidole; na mwisho kuchomwa sindano yenyewe. Mgonjwa hubaki kwenye kila hatua mpaka hofu ipungue ndipo aendelee. Akikimbia mapema, hofu hupata nguvu. Akivumilia, mwili hujifunza kwamba hatari aliyoitazamia haikutokea.

Kwa wale wanaozimia, mtaalamu wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake waliongeza mbinu katika miaka ya 1980. Mgonjwa hukaza misuli ya mikono, miguu na kifua kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka ahisi uso umepata joto, kisha huilegeza kwa sekunde 20 hadi 30 na kurudia mara 5. Kukaza huko huzuia shinikizo la damu lisishuke. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwulize kwanza muuguzi. Öst pia alionyesha kwamba fobia nyingi za kitu kimoja zinaweza kutibiwa kwa kikao kimoja cha hadi saa 3. Dawa za kutuliza zaweza kupunguza hofu kwa muda mfupi, lakini haziiondoi, na baadhi hujenga mazoea.

Kamati ifanye nini?

Kwanza, tuache kuwatisha watoto kwa kusema, "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Pili, tusimdanganye mtoto kwamba haitauma. Aelezwe kweli: itauma kidogo na itakwisha. Tatu, tusimlazimishe wala kumcheka mtu mzima. Nne, tusimwambie kwamba hana imani. Maombi humtia moyo mgonjwa, nayo matibabu humpa njia. Vyote viwili vina nafasi yake.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaweza kuuliza kwa upole kwa nini mtu amekatisha kliniki, na kumsindikiza zahanati. Mwenye hofu inayotokana na ajali, kama walionusurika katika kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, akiota ndoto za kutisha au kukosa usingizi, huenda ana tatizo jingine linalohitaji mtaalamu. Idara za magonjwa ya akili zipo katika hospitali kama Muhimbili, Bugando na Mirembe.

Kwa wafadhili wetu, tiba hii haihitaji mashine wala dawa za gharama. Inahitaji muuguzi aliyefundishwa, chumba chenye faragha na muda wa kutosha. Tunaomba kila kamati iketi na wahudumu wa zahanati yake, ihesabu akina mama waliokatisha kliniki, na iulize ni wangapi kati yao wanaogopa tu.