Usizibe Kutu kwa Rangi

Bila shaka umewahi kuona gari lililopakwa rangi mpya, likang'aa mpaka watu wakaligeukia sokoni. Masika yakaja, yakapita. Mara rangi ile ikaanza kufura kama ngozi iliyoungua. Ukaibonyeza kwa kidole, ikavunjika, na chini yake kuna tundu kubwa kuliko lile la mwaka jana. Mwenye gari hulaumu rangi. Rangi haina kosa.

Sisi wa vijijini, kama hapa Kisaka, tunayajua magari ya namna hii. Pikapu moja hubeba mahindi leo, na kesho hubeba mgonjwa kwenda Mugumu. Tundu la sakafu si jambo la sura tu. Moshi wa injini huingia kupitia humo. Ndani ya moshi huo mna sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuua watu waliojifungia ndani ya gari.

Kutu hutoka wapi?

Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu. Rangi ni nguo ya chuma. Kokoto ya barabarani ikichubua rangi, maji hupata mlango. Lakini ubaya mkubwa uko mahali usipopaona, chini ya madigadi na ndani ya milango. Tope hujishikiza huko, likakaa na unyevu siku nyingi hata kama nje jua linawaka. Tena chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na tope, maji hubaki ndani. Kwa hiyo kutu huanzia ndani, ikatokeza nje mwishoni. Ukiona kitundu kama punje ya mtama, ujue bati lililokizunguka limekwisha kuliwa.

Chukua bisibisi, gongagonga kando ya tundu. Bati zima hulia. Lililooza halilii, na bisibisi hupenya. Likate lote mpaka ufike penye bati zima.

Wengi huogopa kukata, kwa sababu kitundu cha punje ya mtama hugeuka dirisha la kuingiza kiganja. Mimi pia niliogopa. Nilimwomba fundi azibe kwa puti tu, nisitumie fedha nyingi. Akasokota gazeti, akalisukuma tunduni, akapaka puti juu, na rangi juu yake. Kazi ile haikumaliza msimu mmoja wa mvua, na mara ya pili nililipa zaidi. Puti si chuma. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo. Maji yakiifikia kwa nyuma, huyanyonya na kubanduka.

Kiraka

Kiraka kiwe cha bati lenye unene sawa na bati la gari. Bati la bodi ni jembamba, kwa kawaida halifiki milimita moja. Kwa hiyo fundi asichome mstari mzima kwa mfululizo, maana bati litajikunja kwa joto. Achome nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, angoje lipoe, ndipo aendelee. Ukitumia kipande cha bati la kuezekea, kwanza kwangua zinki yake. Moshi wa zinki ukiuvuta utapata homa usiku. Choma nje, penye upepo.

Kabla ya kuwasha moto, ondoa waya wa betri, toa viti na mazulia, na weka ndoo ya mchanga karibu. Tangi la petroli liondolewe kabisa kama liko jirani na kazi. Usidanganyike kwamba tangi tupu ni salama. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka. Watoto wapenda kutazama cheche wafukuzwe.

Kama gari lako ni Land Rover ya zamani, ngoja kwanza. Magari hayo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa haba baada ya vita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa alumini. Weka sumaku. Isiposhika, hiyo ni alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini chuma cha bodi huhitaji kama 1,500. Tena haigeuki nyekundu kwanza. Fundi asiyeijua huona bati limedondoka ghafla. Kiraka chake kiwe cha alumini, kifungwe kwa ribiti. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini pale inapogusana na chuma penye maji, huliwa na kuwa unga mweupe. Paka rangi katikati ya hivyo viwili.

Baada ya kiraka, ng'arisha chuma kwa brashi ya waya, kisha paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala na unyevu, kutu huanza usiku huo. Paka na upande wa nyuma, ambao mafundi wengi huusahau. Sasa ndipo puti, iwe nyembamba. Piga msasa mkali, halafu laini, ukiwa umefunga kitambaa puani. Kazi hii ni nzuri zaidi wakati wa kiangazi.

Na ukienda kununua gari lililokwisha kutumika, ichukue ile sumaku. Ifunge kwa kitambaa chembamba isichubue rangi, kisha ipitishe kwenye madigadi na chini ya milango. Kama gari ni la chuma, pale sumaku inapoacha kushika ghafla pana puti nene. Mwulize mwenye gari kuna nini chini yake kabla hujatoa fedha mfukoni.