Fedha Inapogeuka Shaba

Anayeanza kukusanya sarafu za dola la Kirumi huvutwa kwanza na dinari za Augustus, ambazo zilikaribia kuwa fedha tupu. Ana haki ya kuzipenda. Lakini dola hilo lilivyoyumba katika karne ya 3 husomeka vizuri zaidi kwenye sarafu mbovu kuliko kwenye nzuri, na mkusanyaji makini azitafute hizo mbovu kwa makusudi. Mwaka 215 kaisari Caracalla alitoa sarafu mpya, ambayo leo huitwa antoniniano, yenye sura ya kaisari aliyevaa taji la miale ya jua. Wataalamu wengi huamini ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ingawa fedha yake ilitosha dinari moja na nusu tu. Vita vikazidi na askari wakadai mishahara. Mwaka 260 Valerianus akatekwa na Waajemi, na mwanawe Gallienus akabaki peke yake kutawala dola lililomeguka. Kufikia Claudius wa Pili, aliyetawala hadi 270, fedha ndani ya antoniniano ilikuwa asilimia mbili au tatu hivi, na iliyobaki karibu yote shaba. Zipange mezani kwa mfuatano wa miaka, nawe utaiona hazina ya dola ikikauka, sarafu kwa sarafu.

Atauliza mtu: shaba hiyo ina thamani gani? Sokoni ni ndogo, maana zimefukuliwa nyingi mno. Mtungi mmoja uliopatikana Frome, Uingereza, mwaka 2010, ulikuwa na sarafu 52,503. Hoja nzito ni nyingine: kwamba fedha ikipungua, bei hupanda papo hapo, kwa hiyo sarafu hizi zatuonyesha njaa ya raia. Maandishi ya mafunjo ya Misri hayakubaliani na hilo. Huko bei hazikupaa kwa kiasi ambacho fedha ilipungua. Zilipaa ghafla karibu na 274, pale kaisari Aurelianus aliporekebisha sarafu. Basi kwa miaka mingi watu waliipokea shaba kwa sababu ya mamlaka yaliyoipiga chapa. Sarafu nzuri haiwezi kututhibitishia hilo, kwa kuwa ingepokewa hata kwa uzito wake tu.

Kwa kuwa sarafu hizi mbovu ndizo ushahidi wetu, kuzisugua ni kosa kubwa. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na utando mwembamba wa fedha juu ya shaba, na utando huo ndio uliozifanya zing'ae mikononi mwa askari siku ya mshahara. Kitambaa na dawa ya kung'arishia huuondoa kwa dakika chache.